Mbili Zangu, Mbili Zako

Ilikuwa siku ya ishirini na mbili ya kununiana, na katika karakana ile ya ushonaji hakuna aliyekuwa na kazi nyingi kuliko sanamu ya kuvalishia nguo. Ilisimama karibu na mlango, haina kichwa wala mikono, imening'inizwa futi ya kupimia shingoni mfano wa tai, ndiyo maana ikaitwa Meneja. Kila neno lililotoka kwa mwanamke mmoja kwenda kwa mwingine lilipitia kwake.

“Meneja, mwambie mwenzio zipu nyeusi zimekwisha, naenda kununua,” alisema Wifi asubuhi ile, mkoba tayari begani.

“Meneja, mjibu kwamba njia anaijua,” alisema Vipimo, bila kuinua uso kwenye kitambaa.

Vipimo ndiye aliyekuwa akikata. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu alikuwa akikutazama tu unapoingia mlangoni, keshajua kiuno chako kimeongezeka inchi ngapi tangu mlipoonana, na alikuwa na tabia mbaya ya kukuambia. Wifi alikuwa mke wa kaka yake, marehemu aliyeianzisha karakana ile na ambaye jina lake lingali juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Wifi alipokea wateja, akaandika vipimo kwenye daftari na kukimbizana na oda. Wote wawili waliitana wifi, kama ilivyo desturi, mpaka siku lilipotoka gauni la mteja mmoja likiwa fupi kwa inchi tatu. Aliyeandika akasema aliandika sawasawa. Aliyekata akasema alikata kilichoandikwa. Toka hapo hata salamu ikawa shida.

Laiti wangenuniana humo ndani tu. Lakini siku hizi watu hununiana hadharani. Karakana ilikuwa na ukurasa wake mtandaoni, wa kuonyesha nguo kwa wateja, na wote wawili waliweza kuuandikia. Juma la kwanza la ugomvi, chini ya picha ya mashati, Vipimo aliandika: “Kikulacho ki nguoni mwako.” Kesho yake, chini ya picha ya sketi, Wifi akajibu: “Nyani haoni kundule.” Wateja wakacheka, wakaweka vidole gumba, wengine wakaongezea mafumbo yao. Na Ijumaa iliyopita, zilipoingia fedha za awali za sare mia mbili na arobaini za shule, Wifi kwa furaha akapiga picha karatasi ya oda na kuitundika hapohapo, kila kitu kikionekana: jina la shule, kiasi kilicholipwa, na namba za simu, ya karakana na ya kila mmoja wao. Alikuwa akitangaza biashara, masikini.

Fedha zile hazikuwa za kuchezea. Zilikuwa kwenye simu ya karakana, zikingoja kumlipa muuza majora kabla ya saa sita mchana siku ile, la sivyo kitambaa cha bluu angepewa mteja mwingine. Zikipotea, shule ingedai chake, na cha kulipia hakikuwapo isipokuwa cherehani tatu za marehemu. Cherehani zikienda, hata lile jina jekundu juu ya mlango lingeshuka. Vipimo alilijua hilo kila alipoingia, na ndiyo maana siku hizi alikuwa akiingia bila kutazama juu.

Sasa kuhusu hiyo simu kuna sheria, na sheria yenyewe ilitungwa na baba mdogo wa marehemu baada ya msiba. Baba mdogo ni mtu wa kuhesabu njiti za kiberiti. Aliwaketisha wajane wake, kama alivyowaita japo mjane alikuwa mmoja, akasema: namba ya siri ina tarakimu nne. Wewe dada mtu, chagua mbili za mwanzo. Wewe mke mtu, chagua mbili za mwisho. Msiambiane mpaka mnaingia kaburini. Hivyo hakuna atakayekula peke yake.

Wakatii. Miaka minne, kila walipotaka kulipa, simu ilitolewa kwenye droo ya vifungo. Vipimo akabonyeza zake mbili, tarakimu zikageuka vidoti, huku Wifi ameelekea ukutani. Kisha simu ikapokezwa, na Vipimo naye akautazama ukuta. Hata siku hizi za kununa waliendelea hivyohivyo, kimya kimya, migongo imegeuziana. Vipimo alikuwa akiusifia mtindo ule kwa kila mtu aliyekuwa tayari kusikiliza.

Basi asubuhi ile, Wifi hajafika hata kona ya barabara, simu ya Vipimo mwenyewe ikalia. Aliibonyeza spika kwa kidole gumba na kuiacha mezani, maana mkono mmoja ulikuwa na chaki na mwingine na rula. Hivyo ndivyo alivyoongea na simu tangu aanze kukata nguo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

Sauti ilikuwa ya kijana, tulivu, yenye adabu ya mtu aliyelelewa. Alisema anapiga kutoka kitengo cha usalama wa malipo ya simu. Alimtajia jina la karakana. Alimtajia shule. Alimtajia fedha za awali mpaka sarafu ya mwisho, na Vipimo akaiweka chaki chini. Mtu akizijua habari zako kiasi hicho, ni vigumu kumwona mgeni.

“Mama, tangu alfajiri kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yenu kwa simu nyingine. Tumemzuia mara mbili. Na si mtu wa mbali. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.”

Methali ile ilimchoma Vipimo palepale palipokuwa na kidonda. Aliutazama mlango ambao Wifi alikuwa ametokea dakika chache zilizopita, akaukumbuka ule mkoba begani. Zipu gani hizo, na juzi tu zilinunuliwa?

“Nifanyeje, mwanangu?”

“Nithibitishie namba ya siri, tuifunge akaunti asiingie.”

Vipimo akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa akingoja swali hilo miaka minne. “Hata ukinichinja, sina! Mimi nina mbili tu za mwanzo. Mbili za mwisho anazo mke wa kaka yangu, na hatuambiani.”

Upande wa pili ukawa kimya. Kimya hicho Vipimo alikidhani ni cha heshima.

“Mbili tu?”

“Mbili tu. Kapanga baba mdogo.”

“Aisee, mfumo mzuri sana huo, mama. Laiti wateja wetu wote wangekuwa na akili hiyo. Basi nithibitishie hizo mbili zako tu. Mbili hazifungui kitu, unajua mwenyewe.”

Alijua. Alilifikiria jambo hilo kwa uaminifu kabisa, rula mkononi, na hakuona tundu. Mguu mmoja wa suruali haumvishi mtu. Akazitaja.

“Ahsante sana, mama. Na tafadhali, mwenzako asijue. Tunamchunguza.”

Saa nzima iliyofuata Vipimo aliharibu kola mbili, yeye ambaye hakuharibu kola hata siku ya matanga. Wifi alirudi na zipu zake, kweli nyeusi, akaziweka mbele ya Meneja bila neno. Haukupita muda simu yake naye ikaita. Akaitazama, akamtazama Vipimo kwa pembe ya jicho, akatoka nje nayo.

Dirisha la karakana lilikuwa na nondo na pazia la vipande. Vipimo akajongea, akajifanya anatafuta pini. Wifi alikuwa amesimama kwenye kibaraza, mkono mmoja umeziba mdomo kwenye simu. Anasikiliza. Anatikisa kichwa. Kisha, jambo lililomgandisha Vipimo, akainua vidole viwili hewani, watu wanavyofanya wanapoongea na simu utadhani mwenzao anawaona. Viwili. Akavitikisa kwa msisitizo, akazungumza maneno mawili matatu, akakata.

Viwili nini? Mafungu mawili? Saa mbili? Kumbe ni kweli. Huyu aliyekula naye sahani moja, aliyemshika mkono siku kaka anashushwa, leo anagawana fedha za sare na watu wa simu. Alimchukia, na palepale akaona uchungu wa kumchukia, maana kwa upande wa kaka hakubakiwa na mtu mwingine.

Wifi aliporudi hakuketi kwenye meza yake. Aliketi kwenye kiti cha wateja, kinachotazama droo ya vifungo.

“Meneja,” alisema taratibu, “muulize mwenzio leo mbona anaitazama sana hiyo droo.”

“Meneja, mwambie droo haina miguu, haikimbii. Watu ndio wenye miguu.”

Saa ya ukutani ilisoma tano na robo. Nje mtu alikuwa akigonga bati, na kila pigo Vipimo alishtuka. Saa tano na nusu akaja mteja kuchukua suruali, na Wifi akalazimika kutoka naye mpaka kibarazani kumtafutia chenji. Mlango haujatulia, simu ya Vipimo ikalia.

“Mama, ni mimi. Hali imekuwa mbaya. Anaingia sasa hivi. Ipo karibu, simu ya karakana?”

Vipimo alikuwa keshaifungua droo. Vifungo vilimwagika sakafuni, vya shati, vya koti, vikabiringika mpaka chini ya Meneja. Akaitoa simu ya karakana. Ujumbe ukaingia.

“Kuna namba sita hapo. Nisomee haraka, nimfungie nje.”

Bila miwani Vipimo hakuona herufi. Miwani ilikuwa utosini. Ili aishushe alihitaji mkono, kwa hiyo akailaza simu yake mezani, na kidole gumba, kwa mazoea yake ya miaka yote, kikabonyeza spika. Akasoma. Chini ya zile namba sita palikuwa na maneno: Usimpe mtu yeyote namba hii.

“Mbona wanasema nisimpe mtu yeyote?”

“Huyo mtu yeyote ndiye mwenzako, mama! Mimi ni wa ndani. Soma, dakika zinakwisha.”

“Nne,” akasema Vipimo. “Sifuri. Saba…”

Mlango uligonga ukuta. Wifi aliruka juu ya vifungo, akateleza, akaidaka simu ya karakana pamoja na vidole vya Vipimo vilivyoishika, na wote wawili wakabaki wanavutana juu ya meza ya kukatia, kitambaa kikikunjamana chini yao.

“Mwizi!” alisema Wifi.

“Mwizi wewe!” alisema Vipimo.

Lilikuwa neno la kwanza kuambiana uso kwa uso kwa siku ishirini na mbili. Meneja hakuhusishwa.

“Mama!” ikaita sauti mezani, kubwa, chumba kizima kikasikia. “Usimwachie! Si nilikwambia? Kikulacho ki nguoni mwako! Endelea, baada ya saba ni ngapi?”

Wifi akaacha kuvuta. Aliigeukia ile simu iliyolala kati ya mkasi na chaki, midomo wazi. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, ya mtu aliyeingiwa na baridi: “Huyo ndiye aliyenipigia mimi.”

“Nani?”

“Huyo. Sauti hiyohiyo. Kaniambia wewe unataka kuhamisha fedha saa sita. Kasema nikikuona unaigusa simu nisikwambie kitu, ila mimi moyo ukakataa. Na hiyo methali si yake. Ni ya kwako. Uliiandika wewe, chini ya mashati.”

Vipimo aliiona methali yake pale ukurasani, na jibu la Wifi chini ya sketi, na vidole gumba vya watu. Mtu alikuwa ameketi mahali, ameyasoma yote kwa raha zake.

“Mama, unanisikia?”

Vipimo akakata simu. Kisha akauliza swali ambalo asingependa kulisikia jibu lake.

“Wifi. Ulimpa zako?”

Wifi akainua vidole viwili, vilevile, lakini safari hii havikuwa na msisitizo. “Nilimpa mbili tu. Kasema wewe umeshatoa zako, mimi nithibitishe tu zilizobaki. Nikaona mbili hazifungui kitu.”

“Na mimi mbili tu,” akasema Vipimo.

Wakatazamana. Yule mtu alikuwa na nne.

Simu ya karakana ikatetemeka mikononi mwao. Ujumbe mpya, namba sita nyingine. Kisha mwingine. Alikuwa akijaribu tena na tena, na hapo simu ya Wifi ikaanza kulia, wakaiacha ilie. Ikanyamaza, ya Vipimo ikapokea zamu.

“Tubadilishe namba ya siri,” alisema Wifi. “Sasa hivi.”

Kubadilisha kulitaka kwanza ile ya zamani. Vipimo akaishika simu, na Wifi, Mungu amsamehe, akageukia ukutani. Vipimo naye akaikinga skrini kwa kiganja, akabonyeza mbili zake, akaipokeza, akageuka. Nyuma yake akamsikia Wifi akihema. Kisha: “Muda umekwisha, wanasema. Turudie.”

Wakarudia. Geuka, kinga, bonyeza, pokeza, geuka. Vidole vya Wifi vilikuwa na jasho, vikateleza. Muda umekwisha. Ujumbe mwingine ukaingia, ukaifunika skrini yote. Saa ilisoma sita kasoro kumi na mbili.

Mara ya tatu Vipimo alikuwa tayari ameuelekeza uso wake ukutani, mahali palipokuwa na alama ya mafuta ya cherehani, ndipo ujinga wa jambo lile ulipompanda kichwani kama hasira. Mtu asiyemjua, asiyejua hata sura yake, alikuwa nazo zote nne. Wao wawili ndio pekee duniani waliokuwa bado wanafichana.

Akageuka. “Tatu, nane,” akasema kwa sauti. “Zangu ni tatu na nane. Andika wewe, andika zote.”

Wifi hakuandika. Alikuwa amesimama na simu, macho yamemtoka. “Thelathini na nane,” alisema. “Kifua chake.”

“Andika, wifi!”

Wifi akaandika, huku machozi yakimdondoka kwenye kioo naye akiyafuta kwa kidole gumba ili aone. “Moja, sita,” alisema.

Vipimo hakuhitaji kuambiwa. Mashati ya kaka yake aliyakata yeye, yote, tangu akiwa kijana mpaka lile jeupe la mwisho. “Shingo,” akasema. Wifi akaitikia kwa kichwa tu.

Skrini ikazunguka, ikazunguka. Simu ya Vipimo ikalia, ikanyamaza. Kisha pakatokea alama ya kijani na maneno ya kuomba namba mpya. Waliiweka pamoja, vichwa vimegusana, na namba yenyewe sitaitaja hapa. Nakupenda, msomaji, lakini sikujui vizuri kiasi hicho. Wakatazama salio. Fedha za sare zilikuwapo zote.

Hawakushangilia. Wifi aliitafuta kadi iliyokuja na laini, akapiga ile namba ya huduma iliyochapwa pale, si nyingine yoyote, akaeleza yaliyotokea, na mwanamke wa huduma akamwambia ataizuia akaunti isifunguliwe kwenye simu nyingine. Hata huyo wa huduma, Wifi alimhoji mara mbili kabla ya kumwamini. Vipimo alimpigia muuza majora kwa namba ya kwenye daftari, akataka amsikie akikohoa kwanza, maana kikohozi chake anakijua. Muuza majora akakohoa, akatukana kidogo, akalipwa dakika tatu kabla ya saa sita. Halafu Wifi akafungua ukurasa wa karakana, akaiondoa picha ya oda. Mafumbo yote mawili, la mashati na la sketi, akayafuta bila kuuliza.

“Vita vya panzi, furaha ya kunguru,” alisema.

“Usianze tena na methali,” alisema Vipimo, na kidogo acheke.

Waliinama kuokota vifungo. Walivitafuta chini ya meza, chini ya cherehani, chini ya Meneja. Hatimaye Wifi akaketi sakafuni, kiganja kimejaa vifungo, uso umemvimba kwa kulia.

“Miaka minne, wifi,” alisema. “Kifua chake ulikuwa nacho miaka minne, nami nikalala na shingo yake peke yangu. Hukuweza kuniambia hata siku moja?”

Vipimo akakiongeza kifungo alichokuwa amekiokota kwenye kiganja cha Wifi.

“Hukuniuliza,” alisema. “Yule wa simu aliniuliza.”